Siku Kumi na Moja za Babu Kuwa Meya

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Barua ya Mkurugenzi wa Jiji imebandikwa mlangoni mwa chumba chetu cha chini. Inasema watumishi wawili ni wengi mno kwa chumba kimoja. Mmoja atahamishiwa jalalani kuwa msimamizi. Jina litatangazwa Jumatatu ijayo.

Wawili wenyewe ni mimi na Bi Nyaraka. Yeye ametunza mafaili ya jiji miaka ishirini na sita na anajua kila karatasi imelala wapi. Mimi ni Msaidizi wa Itifaki. Nabeba joho la Meya, mkufu wa Meya na mkasi wa Meya wa kukatia utepe. Bila mimi hakuna kinachofunguliwa katika jiji hili. Nani analiona hilo? Hakuna.

Jalalani! Mimi! Mwenye suti mbili!

Bi Nyaraka aliisoma barua, akavua miwani, akaifuta, akarudi kwenye mafaili yake. Hana hata wasiwasi. Huyu lazima ana mtu wake huko juu.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana.

Jumamosi tunaadhimisha miaka themanini ya ofisi ya meya. Picha za mameya wote zitatundikwa ukumbini, na mimi ndiye niliyepewa kuandika maneno ya chini. Si kazi ya mchezo. Meya wa kwanza alijenga choo cha soko, nimeandika "mwanamaendeleo". Wa pili alifungua daraja moja mara tatu, na ile ya tatu lilikuwa limeshachukuliwa na maji. Nimeandika "hakukata tamaa". Wa nne alimaliza kipindi kizima akichagua rangi ya joho. "Mtu wa kina."

Watu wanadhani meya ndiye mwenye jiji. Wapi! Meya ana joho, mkufu na kiti chenye mgongo mrefu. Funguo zote ziko kwa Mkurugenzi. Ndiyo maana kwenye picha mameya wote wanatabasamu, wamepumzika.

Basi leo napanga tarehe, nakuta pengo. Meya wa tano alijiuzulu kwa hasira tarehe tisa. Wa sita akaapishwa tarehe ishirini na moja. Katikati, siku kumi na moja, hayupo mtu! Ni miaka arobaini iliyopita. Nikamuuliza Bi Nyaraka nani alikaimu. Akasema hizo siku niziache kama zilivyo, kwamba kuna sababu hakuna familia iliyowahi kuzidai. Kijicho hicho!

Maana sisi tuna picha. Shangazi anayo. Babu yangu, yaani baba yake yeye, kasimama ndani ya joho la meya, mkufu shingoni, kifua mbele. Babu alikuwa dobi wa ukumbi wa jiji. Enzi hizo joho likishapigwa pasi, dobi alilazimika kulivaa yeye kwanza na kutembea hatua kumi ukumbini, ili mkunjo wowote uonekane kabla Meya hajaumbuka mbele za watu. Mpiga picha akamkuta katika hatua ya saba.

Sasa nani atathubutu kumpeleka mjukuu wa meya jalalani?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa shangazi. Picha ameifunga kwenye kitambaa cheupe, ndani ya mfuko, ndani ya sanduku. Nikamwambia nataka kuikuza, niitundike sebuleni. Shangazi akalia kwa furaha. Akaomba kitu kimoja tu: chini yake niandike "Dobi", kwa herufi kubwa, maana hakukuwa na dobi kama baba yake. Alifua majoho ya mameya sita na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana na doa. Mimi nikasema "mh". Kusema "mh" si kuahidi.

Nikaipeleka studio, mpiga picha akaikuza. Mungu wangu! Kumbe mkono wa kulia babu ameshika pasi ya makaa. Kubwa, nyeusi, mpini juu. Nikamwambia aikate. Akasema akikata pasi mkono nao unakwenda, na meya mwenye mkono mmoja ataulizwa maswali. Tukaafikiana atie giza pale. Sasa ni kitu cheusi tu chenye mpini.

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikawaza dakika mbili. Muhuri! Nimeandika chini: "Kaimu Meya kwa siku kumi na moja, akiwa na muhuri wa jiji mkononi." Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Lakini niandike kwa utaratibu.

Nilimfuata Mstahiki Meya saa nne. Ikabidi nisubiri benchini, kwa sababu ndani walikuwa wakazi wa kando ya jalala. Hao wanakuja kila wiki. Jalala liko milango saba kutoka walipo, moshi unaingia hadi kwenye vyandarua, watoto wanakohoa, na swali lao ni lile lile: nani aliruhusu takataka za jiji zima zimwagwe pale? Meya huwajibu kwamba suala linashughulikiwa. Kiongozi wao ni mama mkwe wangu. Alipotoka, akanitazama kuanzia viatu, akauliza kama bado mkasi ninaubeba mwenyewe au nimepata msaidizi. Miaka kumi na minne ya ndoa, huyu mama hajawahi kuniita kwa jina!

Nikaingia. Nilijiandaa kuhojiwa kama mwizi. Meya aliishika picha, akaitazama mpaka nikaanza kutoka jasho. Akauliza tarehe. Akauliza tena. Akauliza kile kitu cheusi ni nini. Nikasema ni muhuri wa jiji. Akamwita katibu aandike, akaniuliza kama niko tayari kuapa. Nikaapa pale pale, mkono juu.

Meya akainuka kwenye kiti chake kirefu, akanikumbatia! Akasema hatimaye historia ya jiji imepata mwenyewe. Akasema nilete ukoo mzima Jumamosi, tukae mbele. Na wakazi wa jalalani atawaalika wote, wakae pale pale na sisi. Nikamdokeza kuwa mama mkwe wangu yumo. Akasema vizuri zaidi.

Na mtu mwenyewe nilidhani hanijui hata sura.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Nyaraka ameniletea faili la kijani, kuukuu, limefungwa kwa uzi. Akanisihi nilisome kabla ya kesho. Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya babu. Nikamjibu kwamba wajukuu wa viongozi tuna shughuli nyingi. Akaliacha mezani kwangu. Nimeweka kikombe cha chai juu yake, kisichafue meza.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa. Shangazi alikaa mbele, nguo mpya, hajui lolote, anadhani ni sherehe ya watumishi. Kushoto kwake mke wangu. Kulia kwake mama mkwe na wakazi kama sitini wa jalalani. Meya akafunua picha moja moja, watu wakapiga makofi ya kawaida. Wa kwanza. Wa pili na daraja lake. Mpaka wa tano.

Kisha akasema sasa. Akavuta pazia. Babu! Mkubwa kuliko wote! Machozi yalinitoka, sitaki kusema uongo. Shangazi akasimama, akapiga kigelegele. Halafu akaanza kusoma maneno ya chini, polepole, kwa kidole.

Hapo Meya akageukia upande wa wakazi. Akawaambia kwamba kwa miaka arobaini wamekuwa wakiuliza nani aliruhusu jalala. Kibali kipo. Kilipigwa muhuri tarehe kumi na nne, ndani ya siku zile kumi na moja, na Kaimu Meya ambaye saini yake haisomeki. Leo, kwa uaminifu wa familia yenyewe na kwa kiapo cha mjukuu, jiji limempata. Akanyoosha fimbo kwenye picha. Akasema, na muhuri wenyewe huu hapa, bado anao mkononi.

Wakazi wote wakanigeukia. Nikasikia feni.

Nikapiga kelele kwamba ni pasi. Ni pasi! Pasi ya makaa! Meya akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mnaona, uchungu umemzidi. Watu wakaguna. Shangazi akapaza sauti kwamba baba yake alikuwa dobi, dobi tu, hakuwahi kushika muhuri maishani mwake. Meya akamsaidia kuketi, akasema ni kawaida wazee kuficha mambo ya aibu.

Mama mkwe akaja mpaka nilipo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, akaniita kwa jina langu kamili. Na la baba yangu. Na la babu. Yote matatu, mbele ya watu.

Nilikimbilia chumba cha chini. Nikaondoa kikombe. Faili la kijani lilikuwa na karatasi moja tu: kibali cha jalala.

Jumapili, 9 Machi

Getini kwangu nimekuta mifuko ya taka ishirini na mitatu. Mke wangu amehamia kwa mama yake, milango saba kutoka jalalani. Amesema harufu ya kule angalau inajulikana inatoka wapi.

Shangazi amekuja. Hakuketi. Nikajaribu kumweleza kwamba kuwa kaimu meya, hata kwa ubaya, bado ni cheo. Akasema baba yake alitumia maisha yake kuondoa madoa ya watu wengine, halafu mimi, damu yake, nimemtia doa yeye, tena akiwa kaburini, hawezi hata kujifulia. Akasema nisikanyage kwake mpaka nimemsafisha. Akaondoka kwa miguu.

Iliniuma. Kweli iliniuma. Sikula mpaka saa nane.

Jumatatu, 10 Machi

Jina limetangazwa. Langu! Barua ya Mkurugenzi inasema nimeteuliwa kwa sababu ya "uhusiano wa kifamilia na eneo la kazi".

Bi Nyaraka alinisaidia kufunga vitu vyangu. Nilimsubiri anicheke, hakunicheka. Alinionyesha daftari la joho. Kila joho lilipotoka na kurudi, babu aliweka dole gumba, ukurasa kwa ukurasa. Tarehe kumi na nne ipo: dobi, joho moja, limerudi safi. Akasema ushahidi anao wote, ila kiapo changu kimo kwenye kumbukumbu za baraza, na kiapo hufutwa na aliyeapa. Ameshachapa karatasi. Mistari minne. Kwamba nilisema uongo, kwamba babu alikuwa dobi, kwamba ile ni pasi. Nikitia saini, picha inatoka kwenye ukuta wa mameya na yeye mwenyewe ataitundika ukumbini upande wa watumishi, pasi ikionekana, na neno "Dobi" kwa herufi kubwa.

Saini moja tu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Lakini nikawaza. Ukuta wa mameya! Mkufu! Watu wa jiji hili husahau upesi. Baada ya miaka kumi nani atakumbuka jalala? Watakumbuka kulikuwa na meya. Nikamwambia nitafikiria. Akanitazama, akavua miwani, akaifuta. Karatasi nimeikunja, iko mfukoni.

Jumatano, 19 Machi

Jalalani siku ya nane. Suti ya kwanza imeshakwenda. Ya pili inanuka lakini inasimama.

Shangazi bado hapokei simu. Mama mkwe hupita kila asubuhi saa mbili kunikagua, kisha huripoti kwa kamati. Karatasi ya Bi Nyaraka ningali nayo, na jana nilikaribia kabisa kuitia saini. Wino ukaisha.

Leo nimepata kalamu nyingine. Nikakaa kibandani, nikaifungua karatasi juu ya goti. Ndipo macho yakaenda ukutani. Kumbe kuna ubao wa majina ya wasimamizi wote wa jalala tangu kuanzishwa! Sikuwahi kuuona, ulifunikwa na makoti. Nikausoma wote kwa heshima. Msimamizi wa nne aliondoka mwezi wa tatu. Wa tano alianza mwezi wa sita.

Katikati hayupo mtu!

Nikakumbuka. Baba mdogo, mdogo wake shangazi, aliwahi kuja hapa kutafuta redio yake iliyotupwa kwa bahati mbaya. Alikaa kutwa nzima akiwaelekeza watu wapi pa kuchimbua. Huo si usimamizi? Huo ni usimamizi! Na Mkurugenzi atasita kumwacha kibandani mtu ambaye ukoo wake umelijenga jalala hili kutoka juu hadi chini. Lazima anipe ofisi.

Nikatafuta karatasi safi niandike maombi. Hapa hakuna kitu safi. Nimeigeuza ile ya Bi Nyaraka, nimeandika nyuma yake, kwa wino mzuri: "Kaimu Msimamizi kwa miezi mitatu, akiwa kazini."

Kinachokosekana ni picha tu. Kesho nampitia shangazi, atakuwa ameshapoa.