Ubao wa Kunyamazisha Uwanja

Jumatatu, 2 Februari 1981

Syombua ametimiza miezi mitano leo. Meno hana, usingizi hana. Mimi meno ninayo, usingizi nimeuona mara ya mwisho kabla ya Krismasi. Asubuhi nimepika chai ya chumvi. Jana nilienda kanisani na viatu viwili, kila kimoja kimeacha mwenzake nyumbani.

Adui ni uwanja. Hapa mtaani Jericho nyumba zetu zimeuzunguka kama watu wanaoota moto, na ukuta wetu ndio goli la akina Laban. Laban ni dereva wa lori la mkate. Kazi inamwishia saa sita mchana, na saa saba ameshakusanya wenzake. Du! Ukutani. Du! Vikombe vinasalimiana kabatini.

Nikatoka na mtoto mgongoni, nikamwomba kwa heshima ahamishe goli. Naye kwa heshima akaniambia: shemeji, ukuta huu haujawahi kubishana na refa, tutapata wapi mwingine? Wakacheka wote. Hata golikipa, ambaye ndoo yangu anayo tangu Desemba!

Jirani yangu Shamso, Mama Magan, muuza vitambaa, alikuwa pale pale akikung'uta mazulia kwa fimbo. Saa hiyo hiyo! Akasema mtoto aliyezaliwa Jericho ataizoea Jericho. Nikamwambia asante. Sikumaanisha.

Nimepata mpango. Ubao wa amri.

Jumanne, 3 Februari

Baba Syombua, mume wangu Muindi, ni mchongaji wa vinyago. Ana mkono mzuri, lakini mkono wenyewe hauwezi kuacha mti ulivyo. Mwiko wetu wa ugali una shingo ya twiga. Kigoda ninachokalia nikimwogesha mtoto kina masikio. Nimemwambia Muindi: maneno peke yake. Hata mkia nisiuone. Ameapa.

Maneno nimeyatunga mwenyewe. KWA AMRI. USICHEZE HAPA. NYAMAZA. Sikuandika ni amri ya nani. Kila mtu ana mtu anayemwogopa, ajijazie.

Alhamisi, 5 Februari

Ubao umefika. Mungu wangu! Ndovu saba wanauzunguka, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake. Simba amelala juu ya KWA AMRI. Twiga ametoboa NYAMAZA kwa kichwa, anachungulia upande wa pili.

Muindi anasema ubao mtupu ulimtia huzuni, ati ulikuwa kama kifuniko cha jeneza. Nikamuuliza nani atamwogopa ndovu anayetabasamu. Akasema hatabasamu, anatafuna. Tukanuniana mpaka chakula. Halafu Syombua akanyoosha mkono, akamshika twiga pua, akacheka kile kicheko chake cha fizi tupu. Hasira ikaniisha. Kidogo tu. Mimi nataka kulala.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeusimika alfajiri, hatua tano kutoka ukutani, kabla watu hawajatoka kwenda kazini.

Saa mbili akapita mwenyekiti wa mtaa, Bwana Johnson. Akasoma. Akazunguka nyuma, akakutana na twiga. Mimi niko nyuma ya pazia. Watu wakakusanyika kuuliza hii ni amri ya nani. Bwana Johnson akakohoa. Akasema ni yake. Ati ameipanga siku nyingi!

Saa saba akina Laban wakasikia mwenyekiti ameamuru. Wakachukua mpira wao, wakaenda kucheza mtaa wa Huruma. Mama Magan naye akakunja mazulia. Kimya. Kimya cha kanisa siku ya Jumatatu.

Nikamlaza Syombua. Nikajilaza kando yake. Akalia. Amelia tangu saa saba na nusu mpaka saa kumi na mbili. Nimempa titi, nimempa mgongo, nimempa mwiko wa twiga. Bila shaka ni meno.

Jumapili, 8 Februari

Balaa! Habari za ubao zimefika mpaka mtaa wa Ziwani. Baada ya ibada akaja Patrobas, mpiga picha, na kamera yake na maua yake ya plastiki. Watu wakapanga foleni. Maharusi wa jana wakasimama kando ya simba. Watoto wakapanda juu ya ubao. Muuza njugu akafika. Bwana Johnson akahutubia juu ya utulivu, kwa kipaza sauti! Kisha kwaya. Muindi anaulizwa nani fundi, naye anatazama viatu vyake kwa furaha.

Nikatoka kuwafukuza. Nikamwonyesha Patrobas neno NYAMAZA. Akasema, vizuri mama, weka kidole hapo hapo, usitikisike. Akapiga. Mdomo wangu wazi.

Saa tisa Mama Magan akanishika mkono. Akasema amechungulia dirishani kwangu, Syombua amelala tangu saa tano kama gunia la mahindi, basi kwa nini nami nisiingie nilale? Yeye angekaa mlangoni. Nikamwambia sina nafasi ya kulala, natafuta usingizi.

Akanitazama sana. Kisha akasema kitu kwa Kisomali. Sikuomba anifafanulie.

Jumanne, 10 Februari

Akina Laban wamerudi. Kule Huruma wamefungwa magoli sita, na uwanja wa kule ni mawe matupu. Walimwendea mwenyekiti na mkate, naye akalegeza amri: wacheze, mradi wasiharibu ubao.

Hawauharibu. Wameufanya mlingoti wa goli! Zamani walibishana mpira umepita wapi. Sasa ukipita kati ya twiga na bomba la mfereji wa maji, ni goli, hakuna kelele ya refa. Halafu unamalizikia ukutani kwangu. Nimewajengea uwanja wa taifa mlangoni.

Jioni nimetia nepi kwenye sufuria ya mboga za sukuma. Nimeijua ilipoanza kuchemka.

Jumatano, 11 Februari

Mama Magan amekuja na chai ya iliki. Akaniketisha kando ya kitanda cha mtoto, akaniambia nisiseme neno, nitazame tu.

Nikatazama. Du! Syombua akashusha pumzi, akanyonya kidole. Du! Kidole kikamtoka, mdomo ukalegea. Nje Laban akasimamisha mchezo afunge kamba ya kiatu. Kimya. Jicho moja la Syombua likafunguka. Du! Likafumba.

Mama Magan aliinua nyusi, basi. Akatoka. Baadaye nikamsikia akikung'uta mazulia, polepole, akifuatana na mpira.

Mtoto wangu. Uso umetulia kama maziwa kwenye bakuli. Nikamfunika miguu. Kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja akijikunja.

Na nikaelewa. Mwishowe nimeelewa kila kitu! Ubao ulikuwa mdogo.

Nimekaa mezani saa tatu nzima nikichora mwingine, mkubwa kama mlango. Muindi aliporudi kutoka kazini nikamwambia: bila mnyama hata mmoja. Akaniuliza, hata ndege? Nimechoka. Nikamwambia haya, ndege mmoja. Ametoka kutafuta ubao wa kumtosha ndege pamoja na mti wake.

Mpira umeisha. Syombua ameamka.