Mzigo wa Ekseli ya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Basi dogo nililoligeuza nyumba limekamilika. Kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji la lita mia na ishirini. Miaka thelathini nimefundisha jiografia, na sijawahi kumpeleka mke wangu mbali kuliko hospitali ya wilaya. Jumamosi tunakwenda kwa dada yake. Hawajaonana miaka tisa, na dada mtu sasa miguu haimbebi. Mke wangu ametoa sharti moja: gari lipimwe uzito likiwa na kila kitu, na karatasi aione mwenyewe. Vinginevyo atapanda basi la abiria, nami nitamkuta huko. Wazo hili si lake. Ni la kaka yake, dereva mstaafu wa malori.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaja bila kualikwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu akija mwenyeji anaumwa kichwa. Akalizunguka gari, akapiga tairi teke, akasema vizito vikae chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mkiani nimeweka vitabu vyangu, betri tatu na sanduku la spana. Akaniambia mkia ukizidi, usukani unakuwa mwepesi na gari halikusikii tena. Nikamjibu kwamba nimesoma.

Alipoondoka nikapima vyote kwa mizani ya bafuni. Nabeba kitu, napanda, najitoa mimi, naandika kinachobaki. Jumla iko chini ya kikomo kwa kilo hamsini. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatano, 6 Machi
Mizani ya wauza kokoto. Nimekwenda peke yangu, tangi limejaa. Karani, mama mmoja wa miwani minene, akapima magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma. Ekseli ya nyuma imezidi kwa kilo mia mbili na kumi. Hata jumla imezidi. Nikamwonyesha hesabu zangu. Akazisoma kwa heshima, akauliza dereva yuko wapi humu. Kweli. Nilijitoa katika kila kitu, nikasahau kujirudisha. Mke wangu naye sikumwandika popote. Hilo limenikaa moyoni kuliko zile kilo.

Nikamwomba karani apunguze kidogo kwa kalamu. Alisema mizani yake haisikilizi shida za mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali. Nimemwaga maji. Vitabu, betri na spana nimeviacha barazani kwa kinyozi. Nikarudi kwenye mizani na gari tupu. Karani alichungulia ndani, akanitazama, akaandika alichokiona kwenye mizani. Karatasi safi! Nikapitia kwa kinyozi, nikarudisha kila kitu mahali pake.

Mke wangu alivaa miwani, akaisoma yote, akaikunja, akaitia mkobani. Akanishukuru. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Ijumaa, 8 Machi
Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali. Tulikuwa tunakwenda kujaza gesi. Nikakata kona, usukani ukazunguka kama sahani mezani, gari likaendelea na safari zake. Lilisimama ukingoni mwa mtaro. Hakuna aliyeumia.

Akatoa ile karatasi, akauliza kama mizani ilijua habari za vitabu. Nikakiri yote. Hakupaza sauti. Alisema uongo wangu wa miaka yote ameuvumilia kwa sababu haukuwa na magurudumu. Kisha akasema anataka kufika kwa dada yake akiwa hai, hana ombi jingine.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji amepanga gari upya. Vitabu na spana vimebaki nyumbani. Betri zimehamia chini, katikati. Maji robo tangi tu, mengine tutajaza huko huko. Tumepimwa mke wangu akiwa kwenye kiti chake, mimi kwenye changu. Ekseli zote mbili sawa, na jumla imebakiza kilo themanini na tano. Karani alitutakia safari njema.

Gari linatii. Mke wangu alihesabu vilima kwa sauti ndogo, akitabasamu. Nimemwonea haya njia nzima. Nimejiapiza: sitaweka humu hata kijiko bila kupima.

Jumapili, 10 Machi
Tumepumzika kando ya barabara. Jirani yetu ni mhunzi, anauza mabenchi ya bustani ya chuma kitupu. Dada mtu asiyeweza kutembea, atakosaje benchi? Mhunzi anakisia kilo tisini. Tunazidi kwa tano tu, na mimi nitapunguza kula. Ndani haliingii, ila mkiani kwa nje linakaa vizuri. Nimelifunga kwa kamba, taratibu, nisimwamshe mke wangu. Amelala kitini, mdomo wazi kidogo, usingizi wa mtu anayemwamini dereva.