Mstafeli Mkaidi wa Uani

Jumatatu, 10 Novemba
Mwanangu Ashley hakulala, basi nami sikulala. Asubuhi Bi Mwanatumu, mwenye nyumba, akaingia uani na futi ya kupimia. Akauliza mstafeli wangu huzaa nini zaidi ya majani. Akasema Ijumaa ikifika bila tunda unakatwa, pakae tangi la maji. Ukatwe! Chini yake nimezika kitovu cha mwanangu! Nikamjibu kwa adabu kwamba Ijumaa ataona stafeli. Sijui ulimi ulitumwa na nani.

Jumanne, 11 Novemba
Mbolea! Nilimwaga shinani ndoo nzima ya maji ya kuoshea samaki. Kufika adhuhuri, paka wote wa mtaa wa Bondeni wako uani, wanafukua. Mume wangu Morris akarudi kutoka bandarini, akasema hata kivukoni Feri hapana msongamano kama huu. Sikumpa chai.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekumbuka! Bibi yangu alikuwa akiutisha mti usiozaa. Mmoja hushika panga, mwingine huuombea msamaha. Jirani yangu Mutanu amekubali kuomba, ila kwa sharti la mahamri. Mlafi yule.

Alhamisi, 13 Novemba
Alfajiri. Panga mkononi, Ashley mgongoni. Nikanguruma: nimekuchoka, kesho nakukata, sitaki kukuona! Zamu ya Mutanu sasa, aseme, “Msamehe, atazaa.” Mutanu akashikwa na kicheko mpaka akakaa chini. Dirisha la Bi Mwanatumu ghorofani likafunguka. “Alhamdulillahi, mwanangu, umepata akili! Fundi wa msumeno namwita leo leo.” Nikaeleza, nikaeleza tena. Bi Mwanatumu akasema panga ameliona kwa macho yake mawili.

Mahamri Mutanu amekula. Sita!

Ijumaa, 14 Novemba
Fundi Karisa kaja na msumeno. Nikaukumbatia mti. Ashley analia, majimoto, wale sisimizi wekundu, wananing'ata kiunoni, siachi. Bi Mwanatumu akanibembeleza: “Toka hapo, mwanangu, anayetaka kunyonya ni mtoto, si mti.” Nikamwambia heshima yake iko palepale, lakini Karisa aanze na mimi.

Kitu kikanichoma shavu. Nikapapasa. Kijani, kina vimiiba laini, kadiri ya kidole gumba. Stafeli! Limejibana kwenye shina, huku sisi sote tukitazama matawini. Nikapiga kigelegele, Ashley akanyamaza kwa mshangao. Bi Mwanatumu akavaa miwani, akaligusa. Kisha akamgeukia Karisa: “Nenda zako. Mwenye mimba hakatwi.” Akaniambia tangi basi, na nusu ya stafeli ni yake.

Nikaingia ndani nikalia kidogo. Uchovu tu.

Jumamosi, 15 Novemba
Karisa anamwambia kila mtu eti tunda lile lilikuwepo kabla ya panga, tena kitambo. Hajui kitu. Lingekuwepo nisingeliona? Ni panga!

Mfereji wa maji umekauka tangu jana. Nepi za Ashley zimejaa beseni, na tangi hatuna. Lakini sasa dawa naijua. Kesho alfajiri naenda kuutisha mfereji. Mutanu nimeshamkanya: safari hii asicheke.