Mhadhara wa Uhuru wa Kapteni Sulaiti

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, gari likizunguka mji wa Arua kutoka sokoni hadi Mvara, ya kwamba Serikali ya Wanajeshi, kwa huruma yake isiyo na mipaka, itampa kila raia uhuru wa fikra siku ya Jumamosi saa nane mchana. Kuhudhuria ni lazima. Atakayeukosa uhuru huo bila sababu ya maana atakamatwa.

Wananchi walizipokea habari hizo kwa furaha, kisha wakafunga virago wakaenda kulima huko Ajia, nje ya mji. Hata waliokuwa hawajawahi kushika jembe walikumbuka ghafla kwamba mihogo yao inataka palizi.

Mhadhiri alikuwa Mwalimu Adriko, mwanafalsafa pekee katika mkoa mzima wa West Nile. Alikuwa amerudi Mvara kutoka chuo kikuu na shahada ambayo hakuna jirani aliyejua inatibu nini. Mama yake, kwa kuficha aibu, alisema mwanawe kasomea hesabu.

Kapteni Sulaiti, Mwenyekiti wa Kamati ya Uhuru wa Fikra, alimwita ofisini.

"Mwalimu, wewe unajua hii mambo ya uhuru?"

"Kiasi, Afande."

"Iko mgeni mukubwa anatoka Kampala kuangalia. Ukifundisha muzuri, ndugu yako anatoka. Ukifundisha mubaya, nyinyi mbili mutakaa pamoja."

Ndugu mwenyewe ni Yangi, mdogo wake Adriko, aliyekuwa mahabusu kambini kwa kosa la kueneza uvumi kwamba sukari hakuna. Aliueneza akiwa kwenye foleni ya sukari, mbele ya duka tupu, kwa watu waliokuwa wakiliona. Kapteni alieleza kuwa hilo halipunguzi uzito wa kosa. Adriko alimpenda sana Yangi. Ni vigumu kumfundisha uhuru mtu ambaye amemfunga ndugu yako, na vigumu zaidi kumfundisha vizuri.

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulikuwa mtupu. Kapteni hakubabaika, maana yeye ni mtu wa ufumbuzi. Aliagiza lori likalete mahabusu wote. Wakaoshwa, wakavishwa kanzu nyeupe zilizoazimwa kwenye nyumba ya harusi, wakapangwa kwenye mabenchi.

"Sasa nyinyi ni wananchi," aliwaambia. "Mpaka saa kumi na mbili."

Kisha akapanda jukwaani na kutoa amri ya siku, huku akimtazama Koplo Tombe, mlinzi wa mlango. Koplo huyu alikuwa ameletwa kutoka Koboko kwa sifa zake. Aliwahi kuamriwa kulinda daraja, mafuriko yakalibeba daraja, naye akaendelea kulinda pale pale msimu mzima wa mvua, kwa kuwa hakuna aliyemwondolea amri.

"Mutu yeyote asitoke hapa mpaka ameelewa uhuru," alisema Kapteni. "Mwalimu atamuuliza. Akiona jibu ni muzuri, Mwalimu atatikisa kichwa kukubali, na Koplo atafungua mlango. Hakuna mukubwa, hakuna mudogo. Hata mimi."

Watu walipiga makofi kwa amri, wakaacha kwa amri. Adriko akaanza.

Alianza na Wagiriki, waliobishana juu ya uhuru mchana kutwa huku watumwa wakiwaletea maji. Kapteni, aliyekuwa ameshiba pilau ya harusi, alisinzia hapo hapo. Warumi hawakumkuta macho. Adriko alivuka karne nyingi bila kikwazo, akafika kwa wanaosema kwamba mtu huru ni yule ambaye hakuna aliyesimama mlangoni pake. Wengine, akasema, hupinga: mtu huru ni yule anayetawaliwa na nafsi yake iliyo bora. Tatizo huanza anapotokea mwingine na kudai kwamba nafsi yako hiyo bora anaijua yeye kuliko wewe, na ameitunzia funguo.

Mahabusu wakageuka kumtazama Kapteni. Kapteni akakoroma.

Ndipo Yangi aliponyoosha mkono. "Kaka, mimi nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kama hakuna mutu ananishika, mimi iko huru. Na sasa ule mwenye kunishika amelala."

Hilo jibu vitabuni lingehitaji sura tatu, na walioliandika waliliandika wakiwa salama. Adriko alimtazama Kapteni, akamtazama Koplo, akaogopa kwelikweli. Kisha akatikisa kichwa.

Koplo Tombe alibana miguu kijeshi, akafungua mlango. Yangi akatoka. Baada yake alisimama Mzee Igga, mahabusu wa zamani kuliko wote.

"Mzee, uhuru ni nini?"

"Ni kwenda kukojoa bila kuomba mutu."

Kichwa kikatikisika. Wakafuatana hivyo mmoja mmoja, kila mwenye kanzu na jibu lake, hata Adriko akabaki na Kapteni tu. Akausogelea mlango.

"Na wewe, Mwalimu, nani anakuuliza?" alisema Koplo.

"Mimi mwenyewe."

Akajiuliza. Na kwa vile ni mwanafalsafa, alianza kujibu upande wa kwanza, akaona upande wa pili nao una hoja, akawa anautafutia jibu wakati mkoromo ulipokatika ghafla jukwaani. Adriko aliiahirisha hoja. Akajitikisia kichwa, na mlango ukafunguliwa.

Yangi alimngoja penye baiskeli ya kaka yake. Wakashika njia ya Koboko, kaka akiendesha, mdogo nyuma na kanzu yake nyeupe ikipepea. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliwasimamisha.

"Iko bwana harusi hii?"

"Ndiyo, Afande," alisema Adriko. "Tumechelewa."

Askari wakampongeza Yangi, wakamwombea watoto wengi, wakainua mti wa kizuizi.

Walijificha kijijini Midia kwa mjomba wao, hatua chache tu kutoka mpaka wa nchi, wakisubiri askari waje kuwakamata. Aliyekuja ni Poni, muuza samaki wakavu, ambaye siku ile alikuwa amepanga samaki wake chini ya dirisha la nondo la ukumbi.

"Kapteni aliamka, akaambia Koplo afungue mulango," alisimulia. "Koplo akasema, 'Afande, nani ametikisa kichwa?' Akasema, 'Mimi ni Kapteni.' Koplo akasema, 'Ndiyo, Afande. Lakini ulisema hata wewe.'"

"Hakuiondoa amri?" aliuliza Yangi.

"Kabla hajaondoa, mgeni wa Kampala akafika. Koplo akaeleza yote. Mgeni akachungulia kwa dirisha, akamuuliza Kapteni, 'Wewe, uhuru ni nini?' Kapteni akasema Wagiriki walikuwa watu wazuri sana."

Mgeni huyo, kwa maelezo ya Poni, alisikitika kidogo, kisha akaufurahia mhadhara kupita kiasi. Arua nzima imeelewa uhuru, alisema, isipokuwa Mwenyekiti. Akaamuru Mwenyekiti abaki ndani mpaka mwalimu atakaporidhika naye, akarudi Kampala kupeleka habari njema. Na tangu hapo Koplo Tombe yuko mlangoni. Anapokea chakula cha Kapteni, anakikagua, anakipitisha dirishani.

"Mwalimu, hawakutafuti kukufunga," alisema Poni. "Wanataka urudi utikise kichwa tu. Kapteni mwenyewe amenituma. Anasema sasa ameelewa uhuru kabisa. Usiku anaongea na huo uhuru peke yake. Alikuwa analia wakati ananiambia."

Adriko alitafuta kasoro katika jibu hilo la Kapteni na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya falsafa, hakuiona. Alimwamini, na hata alimhurumia.

Basi akatikisa kichwa kulikubali jibu, pale pale alipokaa, taratibu, kwa moyo safi. Yangi alikuwa shahidi, na Poni pia. Ila kutoka Midia hadi Arua ni mbali, na Koplo Tombe anatambua kichwa anachokiona kwa macho yake.