Mikrismasi Kumi na Miwili ya Getini

Leo nimeaibika, jamani, na sina wa kumlaumu. Nawaandikia nyie tuliosoma pamoja chuo cha kilimo, maana mtu mwingine akiisoma barua hii nitahama Bariadi.

Mnajua serikali ilinipunguza kazini. Siku hizi biashara ya pamba imefunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa mpaka vijijini, na mmoja wao ana kiwanda cha kuchambua pamba hapa Kasoli. Asubuhi nikaenda kuomba kazi. (Nilichomekea. Nilivaa na tai.)

Meneja, mgeni hapa, ana miezi miwili tu, akanipeleka moja kwa moja getini. Kuna mikrismasi kumi na miwili pale, ile miti ya kijani mwaka mzima. Yote ilikuwa ya njano, ncha zimekauka.

"Ijumaa napokea wageni," akasema. "Ukiniambia miti hii ina nini, kazi unayo."

Mama Kulwa, anayeitunza, alikuwa kando na ndoo yake. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Akaitikia vizuri, akanitazama kwa muda mrefu kidogo. Ningepaswa kujiuliza pale pale. Sikujiuliza.

Nikashika tawi. Nikalikunja. Nikaramba kidole. (Sijui kwa nini. Meneja alikuwa ananiangalia.)

"Maji yamezidi," nikatangaza. "Mizizi imeoza. Mtunzaji hajui kazi."

"Basi, mama," meneja akamgeukia, "leo ndiyo mwisho wako hapa."

Mama Kulwa akaweka ndoo chini. Ni mjane, na wajukuu wake wanakula kwa kazi hiyo. Roho iliniuma, kweli iliniuma. Lakini kazi niliitaka, nikanyoosha tai.

"Hebu nionyeshe hiyo mizizi iliyooza," meneja akasema.

Nikashika jembe. Nikachimba kidogo, nikavuta. Mungu wangu! Mti ukatoka mzima mzima, na mfuko mweusi wa kitalu bado umeuvaa, haujachanwa popote. Ndani mizizi imejizungusha na kubanana, maji yenyewe hayaifikii. Nikachimba wa pili. Mfuko! Wapakiaji wa pamba wakashuka kwenye lori waje kuona.

"Nani alipanda miti hii?" meneja akauliza.

Mama Kulwa akatazama chini. "Ni siku nyingi, meneja."

Alikuwa ananisitiri. Mimi! Jasho likanitiririka. Maana siku kiwanda kinafunguliwa, aliyeletwa kupanda alikuwa bwana shamba wa serikali, na bwana shamba mwenyewe ndiye huyu anayewaandikia. Nilipanda yote kumi na miwili mbio mbio, mifuko na yote, pilau la sherehe lilikuwa limeshaiva.

"Si kuna picha ya siku hiyo ofisini?" akasema mpakiaji mmoja. (Watu wana kumbukumbu!)

Ikaletwa na fremu yake. Niko katikati, nimechuchumaa, meno yote nje, mti mkononi na mfuko wake unang'aa. Nyuma yangu Mama Kulwa ameunyooshea mfuko kidole, mdomo wazi. Nikayakumbuka maneno yake: "Bwana shamba, huu hautolewi?" Na jibu langu: "Mayu, wewe mwagilia tu. Kilimo nimekisomea."

Nikakiri yote mbele yao. Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini.

Meneja akamwomba mama radhi, akamrudishia ndoo kwa mikono yake. Halafu akamuuliza, "Na huyu tumfanyeje?"

"Mwachie jembe," akasema. "Imebaki kumi."

Nimechimba mpaka jioni, tai mfukoni, yeye akinisimamia. Kwenye mti wa saba nikapiga magoti nimwombe msamaha.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Chana mfuko."

Picha ile mnaijua. Niliwatumia nyote nakala kwa majivuno, mkanipongeza. Nawaomba sana, zichomeni.