Sifuri za Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi katangaza: mashine zote za ofisi zinapata anwani mpya za mtandao, zile ndefu. Ijumaa atateua msimamizi wa mtandao. Tuko wawili: mimi wa stoo, na Miwani, fundi wa kompyuta, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu. Mke wangu kanionya nisishindane na mdogo wake. Nimemwambia aanze kuzoea kuniita Bosi.

Jumanne, 4 Machi
Miwani katufundisha, kwa maringo yake yote. Anwani ina mafungu manane, yametenganishwa kwa nukta pacha. Kila fungu lina nafasi nne: tarakimu sifuri hadi tisa, na herufi a hadi f. Sifuri za mwanzo wa fungu, ruksa kuziacha. Mafungu ya sifuri tupu yanayofuatana unayaruka yote, unaweka nukta pacha mbili. Lakini mara moja tu! Ukiacha mapengo mawili, mashine haiwezi kuhesabu kila pengo limemeza mafungu mangapi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepewa kuandika lebo za printa arobaini. Lebo ndogo, anwani ndefu. Wazo likanijia: kwa nini sifuri za mwanzo tu? Nikafyeka zote, mbele na nyuma. Printa ya Mkurugenzi iliishia 00a0. Sasa inaishia a. Safi! Nyingine nimezipa mapengo mawili, hata matatu. Orodha ya Miwani, yenye anwani kamili, nimeitia kwenye mashine ya kuchanachana karatasi, nibaki mjuzi peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Watu wameziingiza anwani za lebo zangu kwenye kompyuta. Kila yenye pengo zaidi ya moja, kompyuta imeikataa. Ya Mkurugenzi ikakubaliwa. Katibu wake akachapa barua ya siri, ikatokea mapokezi. Kumbe a peke yake mashine huisoma 000a, na printa ya kule ndiyo yenye anwani hiyo kihalali! Dada wa mapokezi akaisoma kwa sauti mbele ya wageni. Barua ya uteuzi. Msimamizi wa mtandao: mimi! Nilimkumbatia hata mlinzi. Kisha Mkurugenzi akashuka kuuliza barua yake imefikaje huku. Akaisoma lebo yangu. Akaichana barua. Nimelia chooni, sioni haya kusema.

Ijumaa, 7 Machi
Kateuliwa Miwani. Kumbe alikuwa na nakala ya orodha, mjanja yule! Mimi nimeamriwa kuandika lebo zote upya, kwa mkono, mafungu yote manane, bila kuacha sifuri hata moja. Nyumbani mke wangu kaniita Bosi, kisha akacheka hadi akashika ukuta.

Jumamosi, 8 Machi
Niko kazini peke yangu. Lebo ya tano, kidole kimevimba. Nimeanza kuruka sifuri chache za mwisho. Kwani nani atakaa azihesabu?