Mtani Katika Daftari la Baraza

Jumatatu, 4 Septemba 1905. Chumbi.

Vita huko milimani kwa Wamatumbi havijapoa, na akida wetu Huseni hana raha. Leo katangaza: Bwana Shauri, hakimu wa Kizungu, anakuja Ijumaa. Atakayeleta kesi moja ya dawa ya maji, ile ambayo waasi wanaamini hugeuza risasi kuwa maji, atafanywa mshitaki wa serikali na kukalia kiti cha kuegemea. Karani ni mimi peke yangu, Sadallah bin Kondo. Lakini askari Mfaume naye anakitaka kiti. Kusoma hajui, kukamata anajua.

Enzi za marehemu baba, jumbe wa hapa, kesi ilikuwa raha. Kahawa inazunguka. Wagomvi wanakula sinia moja, mtani anawatukana wote wawili mpaka wacheke, shauri limekwisha. Hapakuwa na daftari. Nazikumbuka siku zile. Kiti cha kuegemea nacho hakikuwepo.

Jumanne, 5 Septemba.

Tumemzika shangazi Mwamini. Mshamu, Mmatumbi, mtani wangu tangu jandoni, kaja kufanya kazi ya watani. Kajilaza kaburini, kasema hatoki bila kuku. Kapewa. Kisha akatangaza kwamba yeye ndiye aliyemuua shangazi, kwamba ana maji gudulia zima, na wa kesho ni Sadallah. Wafiwa walicheka huku wanafuta machozi. Akanimwagia majivu kwenye kanzu. Nilicheka na mimi.

Njiani nikaacha kucheka. Ana maji, gudulia zima, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi hamsini. Nimeandika neno kwa neno. Sikutia chumvi hata punje.

Jumatano, 6 Septemba.

Akida kasoma daftari, kanipa mkono. Mfaume kamkuta Mshamu anamnyonyoa kuku wake wa msiba, kamtia mnyororo. Nilidhani atachapwa kidogo na kwenda zake. Akida kasema kesi ya maji ni kitanzi. Hilo hakuniambia mapema.

Mke wangu Biasha kaniuliza nimefanya nini. Nimesema kazi. Wali nimeuacha siniani.

Alhamisi, 7 Septemba.

Hila nimepata. Daftarini, baada ya "ana maji", nimeongeza "ya kunywa". Nani atamnyonga mtu kwa maji ya kunywa?

Akida kasoma tena, kafurahi. Kasema basi Mshamu kaungama kwamba dawa hunywewa, si ya kunyunyiza tu. Kalifungia daftari sandukuni.

Ijumaa, 8 Septemba.

Nilikikalia kiti. Bwana Shauri akamtaka Mshamu ajitetee. Mshamu akanitazama, akasema karani huyu mama yake alimpata kwa kubadilishana na kibaba cha mpunga, na mpunga wenyewe ulikuwa mbovu. Nikaamriwa kutafsiri. Nikatafsiri yote.

Bwana Shauri akauliza mbona sikasiriki. Nikasema huyu ni mtani, kwa mtani hakuna kukasirika. Hapo Mwanaidi, binti wa marehemu shangazi, akasimama, akaeleza kwamba maneno ya Mshamu kaburini ni desturi, na ujira wake alishalipwa kuku. Bwana Shauri akauliza, sasa nani aliyaandika kuwa kesi? Baraza zima likanigeukia.

Mshamu kafunguliwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa kweli. Mimi nimepata viboko kumi kwa kujaza daftari la serikali matani. Mfaume alihesabu, akafika kumi na viwili.

Jumapili, 10 Septemba.

Nimekutana na Mshamu njia ya mtoni. Nikaanza mimi, kama desturi: nikamwita mla maiti, nikamwuliza kaburi gani limemtapika leo. Nikangoja matusi yangu.

Akapisha njia. Akainamisha macho. Akasema, "Shikamoo, Bwana Karani." Akapita.

Nimemweleza Biasha kwamba baada ya miaka yote hii Mshamu hatimaye ameniheshimu. Biasha kalia. Sielewi analilia nini. Kesho naanza na Shaabani wa Umwe, naye aniheshimu. Yule naye ni mtani, na amenizoea mno.